Kirilo Japhet na Kesi ya Ardhi ya Wameru

Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Methali hii aghalabu hutajwa kwa kumtuliza mnyonge: ukuta ni mgumu, mkono ni nyama, basi heri kunyamaza. Kwa mazoea hayo watu wengi hudhani kuwa aliyedhulumiwa na mwenye nguvu ana njia mbili tu, ama kuupiga ukuta ama kukaa kimya chini ya kivuli chake. Katika mwaka wa 1951 watu wa Mlima Meru, karibu na mji wa Arusha, walionyesha kuwa iko njia ya tatu. Hawakuupiga ukuta wala hawakunyamaza. Walimtafuta aliyeujenga, wakamwuliza mbele ya mashahidi ni kwa haki gani aliujenga. Msemaji wao katika safari hiyo ndefu alikuwa Kirilo Japhet, na maisha yake yana mafunzo ambayo hayajapitwa na wakati.

Ili kuyafahamu mafunzo hayo yafaa kwanza kuifahamu ardhi yenyewe. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya meta 4,500. Upande wa kusini, unaotazama mji wa Arusha, mvua ni nyingi na udongo una rutuba. Hapo ndipo Wameru na majirani zao Waarusha walipopanda migomba yao, na baadaye kahawa. Upande wa kaskazini na mashariki mvua hupungua, nyasi huchukua nafasi ya migomba, na nchi hufaa kwa mifugo. Huko ndiko iliko Engare Nanyuki, jina la Kimasai lenye maana ya maji mekundu. Kwa Mmeru sehemu hizo mbili zilikuwa kama mikono miwili ya mtu mmoja: mmoja ulilima, wa pili ulichunga.

Historia ya mlima huo haikuwa ya watu wasiojua vita. Mwezi wa Oktoba, 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri. Wadachi walilipiza kisasi kwa majeshi yaliyoongozwa na Kapteni Kurt Johannes. Watu waliuawa, migomba ilikatwa, ng'ombe walichukuliwa. Kabla ya karne kwisha utawala wa Kidachi ulikuwa umesimama, na boma likajengwa Arusha kuwa alama yake. Kisha ardhi ya tambarare chini ya mlima ikagawiwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Mwingereza alichukua mahali pa Mdachi, lakini mashamba ya walowezi yalibaki yamewazunguka wenyeji mfano wa ukanda kiunoni. Watu waliongezeka na ukanda haukulegea.

Dhiki hiyo ilijulikana na serikali. Katika mwaka wa 1946 Jaji Mark Wilson aliagizwa kuchunguza mambo ya ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, na taarifa yake ilitolewa mwaka uliofuata. Baadhi ya mapendekezo yake yalikuwa ya kuwafaa wenyeji, maana alitaka mashamba kadha wa kadha yarudishwe kwao. Walakini pamoja na mapendekezo hayo lilikuwapo jingine: nchi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro ifanywe eneo moja la Wazungu la kufugia ng'ombe, bila ya kuchanganyika na wenyeji. Wameru wa Engare Nanyuki walikuwa wamekaa ndani ya eneo hilo. Ilipasa waondoke, waende King'ori, mahali pa chini zaidi na penye joto zaidi, ambapo kwa ujuzi wa Wameru palikuwa na maradhi ya kuua mifugo yao. Uchunguzi ulioanzishwa kwa ajili ya kupunguza dhiki ya ardhi ulileta amri ya kuwafukuza watu katika ardhi.

Serikali ilijitetea kwa hoja ambazo si haki kuzificha. Ilisema kuwa mpango ule ni kwa faida ya nchi nzima, kuwa ufugaji wa kisasa unahitaji eneo kubwa lisilokatwakatwa, na kuwa ardhi waliyopewa Wameru badala ya ile waliyonyang'anywa haikuwa pungufu kwa eneo. Wameru walijibu kuwa ardhi haipimwi kwa ukubwa peke yake, na kuwa lililo kubwa kuliko yote halikufanyika: wao wenyewe hawakukubali. Hapo ndipo ulipokuwa moyo wa kesi. Tanganyika haikuwa koloni. Tangu mwaka wa 1946 ilikuwa nchi ya udhamini, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mikononi mwa Uingereza. Mapatano ya udhamini yalimtaka mtawala aheshimu haki za wenyeji na kulinda manufaa yao ya wakati ule na ya wakati ujao. Yaliagiza pia kuwa ardhi ya wenyeji isihamishwe kwa mtu asiye mwenyeji bila ya idhini ya mamlaka inayohusika. Lakini mamlaka hiyo ilikuwa ni serikali yenyewe. Mlinzi na mchukuaji walikuwa mtu mmoja. Mwenye kudhulumiwa chini ya sheria ya namna hiyo hana budi kumtafuta aliyemweka mlinzi.

Tarehe 17 Novemba, 1951, uhamisho ulianza. Askari polisi walifika Engare Nanyuki pamoja na magari. Watu walitolewa majumbani, mali yao ikapakiwa, nyumba zikatiwa moto, na mifugo ikaswagwa. Kwa hesabu ya Wameru wenyewe waliohamishwa walikuwa wapatao 3,000. Gavana wa Tanganyika wakati huo alikuwa Edward Twining, na hapana shaka serikali yake ilitazamia moja katika mambo mawili. Watu wangepigana, na hapo bunduki zingepata udhuru. Au wangetii, na hapo utii wao ungehesabiwa kuwa ni ridhaa.

Wameru hawakutoa hili wala lile. Hawakuinua mkono juu ya askari, wala hawakusaidia uhamisho wao. Hawakuupokea ule mji wa King'ori kuwa mji wao. Wengi wao walipanda mlimani kwa jamaa zao, wakagawana migomba iliyokuwa haiwatoshi hata wenyewe. Fidia ilipotolewa waliikataa. Jambo hili la fidia lataka kutazamwa vizuri, kwa kuwa ndani yake mna hekima kubwa. Mtu aliyepoteza nyumba na mifugo ana haja ya fedha kuliko mtu mwingine yeyote, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuzipokea. Lakini mwenye kupokea bei ya kitu amekiri kuwa kitu kimeuzwa. Kwa kuikataa fidia Wameru waliifunga kesi yao isiharibike. Yeyote ambaye angeuliza baadaye kama walikubali, jibu lingekuwa wazi: hakuna sahihi, hakuna stakabadhi, hakuna shilingi iliyopokewa.

Hapa latokea funzo la kwanza. Kutotumia nguvu hakukuwa udhaifu, wala hakukuwa tabia ya damu ya Wameru, maana babu zao walikuwa mashujaa wa mkuki. Kulikuwa uamuzi uliofanywa na watu waliojua vita ni nini. Miongoni mwa wazee wa mwaka wa 1951 walikuwamo waliozaliwa kabla ya Kapteni Johannes kupanda mlima, na watoto wao walilelewa kwa habari za migomba iliyokatwa. Uamuzi huo uliwataka kila siku nidhamu ngumu kuliko ya vita. Askari huhitaji ujasiri wa saa moja. Mtu anayetazama nyumba yake ikiungua na kuizuia mikono yake, kisha akakataa fedha za mwunguzaji kwa miaka, ahitaji ujasiri usiokwisha.

Kirilo Japhet alikuwa mmoja wa viongozi wa Umoja wa Raia wa Meru, chama kilichobeba madai ya watu katika jambo hili. Hakuwa mangi, wala hakuwa mwanasheria. Kwa desturi ya utawala wa wakati ule mangi alikuwa pia mtumishi wa serikali, na mtu hawezi kwa urahisi kumshitaki anayemlipa mshahara. Kwa hiyo watu walihitaji wasemaji waliotoka miongoni mwao, na Kirilo, aliyekuwa bado kijana, akawa mmoja wa wasemaji hao. Pembeni yake alisimama Earle Seaton, mwanasheria mwenye asili ya Kiafrika aliyezaliwa Bermuda na kufanya kazi Moshi, ambaye baadaye alikuwa jaji. Muungano wa wawili hawa wastahili kukumbukwa. Mmoja aliijua ardhi na watu wake, wa pili aliijua sheria na milango yake. Wala mmoja hangefika peke yake.

Mlango uliokuwapo ulikuwa katika Katiba ya Umoja wa Mataifa, iliyowapa wenyeji wa nchi za udhamini haki ya kupeleka maombi na malalamiko yao katika Baraza la Udhamini. Wengine Tanganyika walikuwa wamekwisha kuubisha mlango huo kwa nyaraka. Wameru waliamua kuwa waraka hautoshi, na kwamba yafaa mtu aende kwa miguu yake, aonekane na asikike. Safari ya New York ilikuwa ghali kuliko mali ya mtu yeyote mlimani. Fedha zilichangwa nyumba kwa nyumba, na watu waliokuwa wamekataa fidia ya serikali walitoa walicho nacho kwa nauli ya msemaji wao. Haba na haba hujaza kibaba, na katika habari hii kibaba kilivuka bahari ya Atlantiki.

Katika mwaka wa 1952 kesi ya Wameru ilisikilizwa, kwanza katika Baraza la Udhamini, kisha katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Kirilo hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Alikuja na mambo ambayo wajumbe wangeweza kuyapima: jina la mahali, tarehe, idadi ya watu, namna nyumba zilivyochomwa, na neno moja lililorudi mara kwa mara, kwamba watu hawakukubali. Uingereza ilikuwa na wajumbe wenye elimu na uzoefu, tena ilikuwa na marafiki katika kila meza. Hata hivyo ililazimika kujibu. Dola iliyozoea kuulizwa na wabunge wake peke yao iliulizwa na mkulima wa kahawa kutoka Meru, na dunia ikisikiliza.

Baraza la Udhamini lilisikitikia jinsi watu walivyohamishwa, lakini halikuagiza ardhi irudishwe. Kamati ya Nne ilikwenda mbali zaidi, ikapitisha azimio la kuwapendelea Wameru. Azimio hilo lilipofika katika Baraza Kuu mwezi wa Desemba, 1952, waliolikubali walikuwa wengi kuliko waliolikataa. Walakini kanuni ilidai theluthi mbili, na theluthi mbili hazikupatikana. Kwa maneno ya sheria, Wameru walishindwa. Kirilo alirudi nyumbani bila ya ardhi.

Mtu aweza kuuliza, basi faida ilikuwa nini? Swali hilo ni la haki, na kulikwepa ni kuidharau hasara ya watu. Walioondolewa Engare Nanyuki hawakurudi mwaka ule wala uliofuata. Watoto walikua katika mashamba ya kuazima, na ng'ombe waliopotea hawakuonekana tena. Njia isiyo ya nguvu ina gharama yake, na anayeisifu kana kwamba ni ya bure hajaifahamu. Yafaa kukumbuka pia kuwa majirani hawakuwa na mlango ule ule. Mwezi wa Oktoba, 1952, kesi ya Wameru ikiwa bado mikononi mwa Umoja wa Mataifa, hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na vita vya Mau Mau vikaingia katika nchi iliyokuwa na kidonda hicho hicho cha ardhi. Kenya ilikuwa koloni; mkulima wa Nyeri hakuwa na Baraza la Udhamini la kumpelekea shauri lake. Haifai, basi, kumhukumu mmoja kwa kipimo cha mwingine. Linalofaa ni kusema kwamba Wameru walipouona mlango uko wazi, waliutumia hadi mwisho.

Na matunda yalikuwapo, ingawa hayakuiva mahali yalipotazamiwa. Habari za Engare Nanyuki zilienea katika matawi ya Chama cha Waafrika wa Tanganyika. Watu wa pwani na wa ziwa, ambao huenda hawakuwahi kuusikia mlima ule, walijua sasa kuwa jambo lililowapata Wameru laweza kumpata yeyote, na kuwa kijana wa kijijini aweza kusimama mbele ya mataifa akarudi salama. Kabla ya hapo kila kabila lilikuwa na manung'uniko yake na boma lake la kunung'unikia. Baada ya hapo ilianza kuonekana kuwa manung'uniko ni mamoja. Mwezi wa Oktoba, 1952, Julius Nyerere alirudi kutoka masomoni Uingereza. Mwaka wa 1953 akachaguliwa kuwa rais wa chama hicho. Tarehe 7 Julai, 1954, chama kiligeuzwa kuwa TANU, na katika waasisi wake 17 limo jina la Kirilo. Mwezi wa Machi, 1955, Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini. Shauri lake lilikuwa kubwa kuliko la Engare Nanyuki, maana lilikuwa la nchi nzima, lakini njia aliyopita ilikuwa imekwisha kukanyagwa na miguu ya Mmeru. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba, 1961, bila ya vita. Baada ya uhuru ardhi ya Engare Nanyuki ilirudi mikononi mwa Wameru, na katika mwaka wa 1963 sheria ilifuta hati za kumiliki ardhi milele walizokuwa nazo walowezi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hilo ndilo funzo la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Kushindwa kwa kesi hakukumfanya Kirilo aitupe njia. Aliufanya ushindwa wenyewe kuwa ushahidi: wengi katika dunia walikwisha kusema kuwa Wameru wamedhulumiwa, na kanuni ya theluthi mbili haikuweza kulifuta neno hilo. Mtu wa haraka huitazama hukumu; mtu wa subira hulitazama jambo lililothibitishwa njiani. Tena subira hiyo si ya kukaa na kungoja. Ni subira ya mwenye kuandika, kuchanga, kusafiri, kurudi na kusimulia.

Funzo la tatu ni uangalifu wa ukweli. Kirilo na Seaton waliziweka habari za kesi hiyo katika kitabu, kilichotolewa Nairobi mwaka wa 1967, ili jambo lisipotee pamoja na wazee. Silaha ya asiyetumia nguvu ni neno lake, na neno likipatikana na uwongo mdogo hupoteza makali yote. Mwenye bunduki aweza kukosea shabaha akapiga tena. Mwenye ushahidi akikosea mara moja haaminiwi mara ya pili. Ndiyo maana tarehe, hesabu na majina yalikuwa na thamani kwa Wameru kuliko matusi na vilio.

Mji wa Arusha umebadilika tangu siku zile. Mwaka wa 1994 Umoja wa Mataifa, ambao Wameru walisafiri mbali kuutafuta, uliunda mahakama ya kuhukumu mauaji ya Rwanda, na Arusha ikawa makao yake hadi mwisho wa mwaka 2015. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ina makao yake mjini humo tangu mwaka wa 2007. Mwaka wa 2010 Tanzania iliwaruhusu raia wake kupeleka mashauri yao moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mwezi wa Novemba, 2019, iliiondoa ruhusa hiyo. Mlango ulio umbali wa mwendo mfupi kutoka mlimani ulifungwa na nchi ambayo uhuru wake ulianza kwa kubisha mlango wa mbali. Kila serikali ina sababu zake, na mwaka wa 1951 pia sababu hazikukosekana. Lakini historia ya Wameru yamkumbusha kila mtawala kuwa raia mwenye mahali pa kulalamika ni amana ya amani, na asiye na mahali hubaki na ukuta na ngumi yake tu.

Anayesafiri leo kutoka Usa River kwenda Momella, akipita katika Hifadhi ya Arusha, hufika Engare Nanyuki upande wa pili wa mlima. Ataona mashamba, mifugo na watoto wanaokwenda shule, mambo ya kawaida yasiyomshangaza mtu. Ukawaida huo ndio uliodaiwa New York mwaka wa 1952. Ulinunuliwa na watu waliozuia mikono yao, wakakataa bei ya kitu ambacho hawakukiuza, wakamtuma mmoja wao akaseme kweli mahali ambapo ilikuwa lazima isikilizwe.